Kaunta buku la shangazi ndani ya dirisha: kumbukumbu ya mradi wangu

Juni 7

Shangazi ananunua viazi mviringo kwa wakulima wa Uporoto na kuwauzia wakaanga chipsi wa Mbeya mjini. Stoo yake iko Uyole, karibu na njia panda ya Tukuyu. Wateja wengi wanachukua kwa mkopo, na madeni yote yamo kwenye kaunta buku lenye kurasa zilizolegea.

Mwaka jana nilimwandikia programu kwa Python, lugha ya kuandikia programu, iliyouliza maswali kwenye skrini nyeusi: jina la mteja, magunia mangapi, bei gani. Ukigundua umekosea jina wakati umeshafika kwenye bei, unaanza upya. Aliitumia siku mbili akarudi kwenye kaunta buku, na alikuwa na haki. Mteja wa viazi haji kwa mpangilio wa maswali yangu. Anaanza kwa kulipa nusu ya deni la juzi, anauliza bei ya leo, anapekua gunia, ndipo anasema anachukua mangapi.

Kwa hiyo najifunza kutengeneza programu ya dirisha, yenye vitufe na visanduku vya kuandikia. Nimechagua Tkinter, zana ya Python ya kutengenezea madirisha, kwa sababu kwenye Windows inakuja pamoja na Python yenyewe, bando langu halitaguswa. (Kwenye kompyuta ya rafiki yangu, inayotumia Ubuntu badala ya Windows, tulilazimika kuongeza kifurushi cha python3-tk.) Chini yake kuna Tk, zana inayochora madirisha yenyewe, iliyoanzishwa na John Ousterhout akiwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwishoni mwa miaka ya 1980. Umri wake haunisumbui. Inafunguka haraka kwenye kompyuta kuukuu ya stoo, na hilo ndilo ninalolihitaji.

Juni 10

Dirisha la kwanza limefunguka. Lina neno "Viazi" na kitufe kimoja, basi. Nimekaa nalo saa nzima kwa sababu ya mstari wa mwisho, `mainloop()`. Hapo programu inaacha kuongoza. Inazunguka papo hapo ikingoja mtu abofye, aandike au avute kona ya dirisha, kisha inaita kazi (kipande cha programu chenye jina lake) niliyoiandalia tukio hilo na kurudi kungoja. Ni kama muuzaji aliyekaa mlangoni: hamwulizi mpita njia maswali kumi, anasubiri mteja aseme shida yake.

Juni 14

Kitufe cha Hifadhi kinahifadhi chenyewe dirisha linapofunguka, na nikikibofya hakifanyi kitu. Jioni nzima. Kumbe niliandika `command=hifadhi()`. Mabano yale yanaiita kazi ile papo hapo na kukipa kitufe majibu yake, wakati kitufe kilitaka jina la kazi tu: `command=hifadhi`. Baridi ya Juni ilikuwa imeshanitia ganzi vidole, lakini nililala na furaha.

Juni 22

Mpangilio. Nilichanganya `pack` na `grid`, njia mbili za kupanga vitu dirishani, ndani ya fremu moja, Tk ikakataa. Kila fremu inataka njia moja. Nimebaki na `grid`, mistari na safu.

Kilichosaidia zaidi ni kwenda stoo na kuchora ukurasa mmoja wa kaunta buku kama ulivyo. Tarehe, jina, kipimo, idadi, bei, kalipa, kabaki. Mimi nilikuwa nimeweka kilo peke yake. Yeye anauza gunia, debe na sado, na kila kimoja kina bei yake. Sasa kuna kisanduku cha kuchagua kipimo, na safu zinafuata mpangilio wake, siyo wangu.

Juni 29

Jaribio la kwanza na shangazi mwenyewe. Nimeamkia shikamoo, nimeweka kompyuta juu ya gunia, nimekaa pembeni bila kusema neno. Ameandika wateja wanne, kila mara akibofya Hifadhi. Hakuna hata mmoja aliyehifadhiwa.

Kwenye bei aliandika 45,000/= kama anavyoandika siku zote. `int()`, inayogeuza maandishi kuwa namba nzima, haielewi mkato wala ile alama ya mwisho, ikatoa kosa. Na Tkinter, kazi ya kitufe ikipata kosa, inaliandika kwenye skrini nyeusi na dirisha linaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Skrini nyeusi nilikuwa nimeificha ili pawe pasafi.

"Mwanangu, daftari likikataa kalamu, naona. Hili linanyamaza."

Neno hilo limekuwa kanuni ya mradi. Sasa programu inaondoa mikato na "/=" yenyewe kabla ya kuhesabu, na kosa lolote lingine linaleta kidirisha chenye maelezo ya Kiswahili: "Bei haijasomeka. Andika tarakimu." Nimeongeza pia mstari chini ya dirisha unaosema nani amehifadhiwa na saa ngapi. Shilingi nazihifadhi kama namba nzima.

Julai 6

Nilitengeneza kitufe kwa kila mteja kwa kitanzi cha `for`, kinachorudia amri zilezile kwa kila jina. Ubofye jina lolote, linafunguka deni la mteja wa mwisho kwenye orodha. Hili ni la hatari kweli, mtu angedaiwa deni la mwenzake. Sababu: `lambda: fungua(m)`, kazi fupi isiyo na jina niliyokipa kila kitufe, haishiki thamani ya `m` ya wakati ule, inaitafuta siku unapobofya, na kitanzi kimeshafika mwisho. Dawa ni `lambda m=m: fungua(m)`, inayoishika thamani palepale. Nimekagua majina yote moja moja.

Julai 13

Kunakili kumbukumbu kwenye flashi kuligandisha dirisha zima, likawa jeupe. Kazi ikiwa ndefu, `mainloop` haipati nafasi ya kuchora wala kusikiliza kipanya. Nimeihamishia kazi hiyo kwenye uzi wa pembeni, unaokwenda sambamba na dirisha, na `after`, amri ya kuita kazi baada ya muda, inachungulia kila baada ya milisekunde 200 kama imekwisha.

Julai 20

Nimetoka kwenye faili la maandishi, nimehamia SQLite, hifadhidata ndogo inayokaa kwenye faili moja. Umeme ulikatika katikati ya kuandika, na kila kilichokuwa kimeshafanyiwa `commit`, yaani kuthibitishwa, kilikutwa salama.

Agosti 3

Nilikuwa nimeweka kitufe cha Futa kwa madeni yaliyolipwa, ili orodha iwe fupi. Shangazi amekikataa. Kwenye kaunta buku deni lililolipwa halifutwi, linapigwa mstari katikati, ili mteja aone kwa macho yake kwamba limekwisha na lilikuwa kiasi gani. Nimekiondoa kitufe. Kwenye orodha ya `Treeview` nimeweka lebo ya "limelipwa" yenye herufi za aina ya `overstrike`, zilizokatwa kwa mstari.

Leo mchana mkaanga chipsi mmoja amekuja kumalizia shilingi 30,000 za wiki iliyopita. Shangazi ameandika, amebofya, kisha ameigeuzia skrini upande wa mteja. Yule bwana ameinama, amefuata mstari ule kwa kidole mpaka mwisho, akasema "ndaga," yaani asante kwa Kinyakyusa, akaanza kupekua gunia jingine.