Kazi Yangu Ilikuwa Kijiti

Juzi pale sheli kijana wa pampu alifungua mfuniko wa tangi, ukalia fyuu, binti yangu akashtuka: "Baba, tairi hilo?" Siyo tairi. Lakini mimi tayari nilikuwa kwenye kona za Mombo, mwaka 1988, ndani ya ile Datsun ya Mzee.

Ugonjwa wa gari lile ulitushinda wote. Linakwenda vizuri, ghafla linaanza kumisi, linakosa nguvu, linazima. Mkihangaika nalo kidogo, linawaka. Likifika kwa fundi, halina ugonjwa wowote. Fundi alishafungua kabureta, akabadilisha plagi, pointi, kondensa, mwisho koili. Kila akibadilisha kitu, Baba anatia petroli lita mbili za kujaribia (Mzee alikuwa bahili wa hela), wanazunguka mji, gari halina neno. Baba analipa. Siku ya safari anajaza tangi, na njiani linazima. Basi lawama zikahamia kwenye petroli, eti imechanganywa na mafuta ya taa. Mjomba alishikilia kuwa ni joto, akawa hasafiri bila dumu la maji na kitambaa cha kulowesha pampu ya mafuta. Mama alisema ni kijicho cha watu, akawa anasoma dua.

Mimi kazi yangu ilikuwa kijiti. Geji ya mafuta ilishakufa, kwa hiyo gari likizima tu, nashuka, nafungua tangi, natumbukiza kijiti cha mwarobaini, natazama kimelowa hadi wapi. "Yapo, Baba!" Ndipo wakubwa waendelee na mambo yao.

Siku hiyo tulikuwa tunampelekea Babu mabati Lushoto. Tulijaza mafuta Mombo, tukaanza kupanda, na kabla ya Soni likazima kwenye kona, upande mmoja mwamba, upande mwingine korongo. Mjomba akaruka na mawe ya kukinga magurudumu. Baba akainua boneti. Mimi nikaenda na kijiti changu.

Mfuniko ukagoma. Nikaushika kwa mikono miwili, nikauzungusha huku nimeuma meno, na ulipoachia tangi likavuta pumzi: fyuuuuu, ndefu, hewa ikiingia ndani wala si kutoka, nikaisikia ikipita katikati ya vidole. Harufu ya petroli haikuja hata kidogo mpaka sauti ilipokwisha. Sikushangaa. Tangi letu lilikuwa na kawaida hiyo, nami nilidhani matangi yote hulia hivyo.

Lori la saruji lilikuwa limekwama nyuma yetu. Utingo wake, gogo la kukingia begani, alisimama kunitazama.

"Dogo, rudia. Mfuniko huu ni wa gari hili?"

Haukuwa. Wa kwake uliibwa Tanga, Baba akanunua wa gari jingine kwa wauza skrepa na kuubana kwa mpira wa tyubu usivuje. Utingo aliugeuza, akakitafuta kitundu cha kuingizia hewa, hakukiona.

"Shikamoo, mzee. Gari lako halipumui. Chupa ya mtoto isipoingiza hewa, mtoto atanyonya weee, maziwa hayaji."

Akachomeka tambara mdomoni mwa tangi, akautia mfuniko mkononi mwa Baba. Tukapanda hadi Lushoto bila kusimama.

Hesabu nyingine nilizipiga ukubwani. Tangi likijaa, nafasi ya hewa ni ndogo, kwa hiyo mafuta yakipungua kidogo tu mvuto unakuwa mkali na pampu inashindwa. Likiwa na lita mbili, hewa ni tele, utazunguka mji na halitazima. Kumbe ubahili wa Mzee ndio uliomficha mgonjwa kwa fundi.

Na aliyekuwa akilitibu ni mimi, kila nilipofungua kwenda kupima. Koili, kitambaa cha Mjomba, dua ya Mama, vyote vilikuja wakati mmoja na kijiti. Siku hizi mtu akinisifia dawa iliyomponya, namuuliza siku hiyo alifanya nini kingine. Mke wangu halipendi swali hilo, na pengine ana haki: sijui kama mimi mwenyewe ningependa kuulizwa.

Baba hakukubali. Hadi anauza gari, tambara likiwa bado limechomekwa, alisema ni ile koili mpya, ilichelewa tu kuzoea. Mnunuzi alipouliza mfuniko uko wapi, akamjibu uliibwa, ila madukani ipo mizuri, inayobana kabisa.