Siku moja maishani mwangu: kufukuzia pakiti za gemu, Kigoma

Saa 2 asubuhi. Nipo zangu Mwanga, chai na mihogo pembeni, meseji ya testa wetu wa Ujiji: "kaka mitumbwi inarukaruka alafu bando linaisha fasta". Gemu letu ni mbio za mitumbwi ziwani, watu 8 kwa mechi. Kwenye grupu washahukumu, eti mtandao wa huku mbovu. Mi sijakubali, mtandao wa huku unasingiziwa mengi sana.

Saa 3. Nawasha Wireshark, programu ya kuchungulia data inayopita mtandaoni, kwenye laptop yenye seva, nachuja UDP tu, ile njia ya kutuma data bila kusubiri jibu. Loh! Pakiti (vifurushi vidogo vya data) 480 kwa sekunde zinaenda simu moja. Kumbe kila mtumbwi unatumwa kivyake, mara 60 kwa sekunde, ulipo baiti 12, ulivyogeuka baiti 16, jumla 28. Sasa sikia, vichwa vya IP na UDP, yaani anwani na maelezo yanayobandikwa kila pakiti, navyo ni baiti 20 na 8, yaani nauli imelingana na mzigo. Hiyo ni kama KB 27 kwa sekunde, mechi ya dakika 10 inakula MB 16. Kwa mtu wa bando la jero, acha tu.

Saa 5. Mitumbwi yote 8 naiweka pakiti moja, mara 20 kwa sekunde. Halafu mtumbwi haupai bana, mawimbi simu itachora yenyewe, nabakiza namba mbili za mahali ulipo kwenye ramani na uelekeo, baiti 2 kila kimoja. Baiti 2 zinabeba namba 65,536 tofauti, na ramani ya mita 600 ukiigawa mara hizo kila kipande hata sentimita hakifiki, inatosha kabisa. Naongeza namba ya pakiti, baiti 2, ili iliyochelewa itupwe. Mechi nzima sasa haifiki MB 1!

Saa 7 umeme ukakata, nikaenda kula ugali na mgebuka.

Saa 9. Bando limepona ila mitumbwi inakatakata, maana taarifa inakuja kila milisekunde 50. Nawachora wapinzani walipokuwa milisekunde 100 zilizopita, simu ipate pointi mbili za kuunganisha, mtumbwi wako mwenyewe unajibu papo hapo. Naharibu mtandao makusudi kwa netem, zana ya Linux ya kuigiza mtandao mbovu, pakiti 3 kwa 100 zinapotea, na bado inateleza. Mwenzangu wa Dar anataka TCP, njia inayotuma tena kilichopotea, eti kisipotee kitu, nikamwambia huko pakiti moja ikipotea za nyuma yake zote zinasubiri, na mtumbwi ulipokuwa sekunde iliyopita unanisaidia nini?

Saa 12 jioni, wa Ujiji: "imetulia kaka, ila tunagongana kabla hatujagusana". Ehee, ndo zile milisekunde 100 hizo, mpinzani unayemwona ni wa zamani kidogo. Kesho naanza na hapo.