Kalenda yetu ya vibarua hapa Newala

Nauza chakula hapa Newala, mkoani Mtwara, karibu na ghala la chama cha msingi, yaani ushirika wa wakulima wa korosho, kwa hiyo msimu wa ajira nausoma kwenye masufuria. Kuanzia mwezi wa tano wateja wangu ni vijana wa kupulizia mikorosho, wenye mabomba ya mota mgongoni, nywele zimekuwa za njano kwa salfa. Dawa hiyo ni ya ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu unaoshika maua ya mkorosho, na mwenye shamba akichelewa kupulizia, maua yanakauka na waokotaji watakosa kazi baadaye.

Ikifika Septemba wanaingia mafundi wa jembe: chini ya mti lazima pafyekwe, maana korosho haichumwi, inadondoka yenyewe na bibo lake, yaani tunda lake. Hapo kuokota ni kazi ya akina mama na watoto wao, na wengi hulipwa kidogo sana kwa mgongo wanaouinamisha kutwa. Minada ya Oktoba ikianza ndipo fedha huonekana: wapakiaji wa magunia, madereva, bodaboda, hata wauza uraka, pombe ya mabibo. Nakumbuka mwaka 2018, serikali ilipotangaza kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likaingia kusomba, biashara ilibadilika kabisa.

Januari huwa napunguza kupika. Vijana wengi wanahamia kwenye mihogo na mbaazi za nyumbani, wengine wanapanda basi la Dar. Mimi hubaki na walimu na wahasibu, ambao, samahani jamani, hukopa zaidi kuliko vibarua.