Mwiba wa Mauti, Jioni ya Matanga

Ukiwa mzee wa kanisa au katekista huku Nairobi, mitaa ya Kayole, Umoja au Kawangware, simu huja alasiri: "Leo saa kumi na mbili tunakutana kwa kina mama fulani, utatupa neno." Neno lenyewe hubanwa kati ya wimbo na ripoti ya mweka hazina. Unapewa dakika kumi, ukibahatika kumi na tano, chini ya hema, mbele ya watu waliotoka kazini moja kwa moja na wanaowaza matatu ya kurudi nyumbani. Ni muda mfupi, lakini unatosha kusema habari ya ufufuo yote, na inaniuma sana unapopotea kwa maneno ya kupoza tu.

Chagua fungu moja. Watu wengi hukimbilia 1 Wakorintho 15, na ni vyema, ila sura ile ina mistari 58 na ukijaribu kuigusa yote hakuna atakayeondoka na kitu. Soma mstari wa 20 hadi 26, au wa 50 hadi 57. Soma polepole, kwa sauti, kabla hujatoa salamu ndefu. Kisha eleza neno moja au mawili yaliyomo, basi.

Neno la kwanza ninaloomba lielezwe ni "uchungu". Biblia ya Muungano, ile ya 1952 ambayo wengi wetu tumeikariri, inasema: "U wapi, Ewe mauti, uchungu wako?" Mkutano ukisikia uchungu unafikiria ule ulio kifuani mwa mjane aliyeketi pale mbele. Mhubiri naye huongezea: mauti haina uchungu tena, kwa hiyo tusilie. Mama wa watu anameza kilio, anajiona hana imani. Yote hayo yametokana na neno moja kusikiwa vibaya. Paulo aliandika kwa Kiyunani "kentron", yaani mwiba, kama ule ulio mkiani mwa nge. Ndilo neno linaloitwa mchokoo katika Matendo 26:14, ile ncha ya kumchomea ng'ombe wa kulima. Hasemi juu ya maumivu ya mfiwa hata kidogo. Anasema juu ya silaha ya mauti, na mstari unaofuata unaitaja silaha hiyo: ni dhambi, na nguvu za dhambi ni torati. Mauti inamdhuru mtu milele kwa sababu inamkuta na deni mbele za Mungu. Mwiba ule uliingia mwilini mwa Kristo msalabani. Nge asiye na mwiba bado anatisha ukimwona ukutani usiku, na bado unaruka. Lakini sumu yake haikufikii. Mwambie mjane hivyo. Mwambie alie.

Tena angalia wakati. Paulo anasema mwili huu uharibikao utakapovaa kutokuharibika, "hapo ndipo" litakapotimia lile neno kwamba mauti imemezwa kwa kushinda. Bado hatujafika hapo. Jeneza liko mochari na kamati inahesabu pesa za gari. Ushindi tumekwisha kupewa ndani ya Kristo, ndivyo mstari wa 57 unavyosema, ila adui mwenyewe hajabatilishwa. Yeye ni wa mwisho kwenye orodha, mstari wa 26. Ukiruka nusu ya kwanza utawaacha watu bila tumaini, na ukiruka ya pili utawadanganya.

Ndiyo maana sipendi ule msemo wa Mungu kuchuma ua zuri bustanini mwake. Unaisifu mauti na kumfanya Mungu mwizi wa watoto. Biblia inaiita mauti adui. Kaburini kwa Lazaro Yesu alijua kabisa atakachofanya dakika chache baadaye, na bado alilia machozi. Yohana 11:33 inasema aliugua rohoni, na neno la Kiyunani lililotumika pale lina ukali ndani yake, kama mtu aliyekasirika. Alikasirikia kilichokuwa kimemfanyia rafiki yake hivyo.

Lakini Lazaro mwenyewe asichukuliwe kuwa mfano wa ufufuo wetu. Hapa hata wahubiri wazuri huteleza. Lazaro alitoka amefungwa sanda miguu na mikono, uso umezungushiwa leso, ikabidi wengine wamfungue. Alirudi kwenye uhai huu huu unaougua na kufa. Katika kaburi la Yesu sanda ilibaki, na ile leso ilikuwa mahali pake peke yake. Kristo hakurudi nyuma. Alipita mauti akatokea upande wa pili, akiwa na mwili.

Mwili, nasisitiza. Ukisikiliza wasifu mwingi unaosomwa Nairobi utadhani tumaini letu ni roho kwenda mahali pazuri, yaishe. Kweli tunaamini aliyelala katika Bwana yuko salama kwake. Ila Kanuni ya Imani haiishii hapo: wengine husema kiyama ya mwili, wengine ufufuko wa miili, na Jumapili inayofuata tunasahau tulichokiri. Yesu aliyefufuka alikula samaki mbele ya wanafunzi, Luka 24. Alikuwa na makovu. Na "mwili wa roho" katika 1 Wakorintho 15:44 si mzimu. Ni mwili unaohuishwa na Roho wa Mungu. Paulo anaeleza kwa mbegu. Chukua punje ya mahindi mkononi, kavu, ngumu, haina mvuto wowote. Unaifukia, na kinachotoka ni bua refu la kijani ambalo hungeweza kulikisia kwa kuitazama punje. Hata hivyo ni mahindi. Punje ya mahindi haitoi maharagwe. Atakayefufuka ni yeye yule, ila kwa fahari ambayo hatuwezi kuikisia.

Neno la pili la kueleza ni "limbuko", lililo katika mstari wa 20 wa sura ile ile, na hapa wasikilizaji wetu wana faida, maana wengi wamepeleka malimbuko kanisani. Katika Walawi 23 mganda wa kwanza wa mavuno uliletwa kwa kuhani akautikisa mbele za Bwana. Mganda ule haukuwa wa shamba jingine. Ulikatwa shamba lile lile, na ukiuona unajua yaliyobaki yanaiva. Kristo ni mganda wa kwanza. Baba yenu aliyelala katika yeye ni wa shamba hilo.

Akija kijana baadaye akauliza kama haya yalitokea kweli, usimkaripie. Mwonyeshe 1 Wakorintho 15:6: Yesu aliwatokea zaidi ya ndugu mia tano pamoja, na Paulo, akiandika takriban miaka ishirini na ushee tu baada ya tukio, anasema wengi wao bado wako hai. Huwezi kuandika hivyo kama hutaki watu waende wakaulize.

Swali jingine linalozidi kuulizwa jijini ni la kuchoma maiti kule Kariokor. Je, aliyekuwa majivu atafufuliwaje? Kama aliyeoza, au aliyezama baharini. Anayeumba kwa neno hashindwi na hali ya mabaki. Kanisa Katoliki liliruhusu jambo hili mwaka 1963, mradi lisifanywe kwa kuukana ufufuo, na Manasses Kuria, aliyewahi kuwa Askofu Mkuu wa Anglikana Kenya, mwili wake ulichomwa mwaka 2005. Familia ikigawanyika juu ya hili, chunga mila na amani yao, lakini usiwatishe kwa ufufuo.

Kuhusu marehemu yuko wapi, kama hujui, usihukumu wala usimpandishe mbinguni kwa nguvu. Hubiri Kristo.

Siku ya kuzika, iwe Lang'ata au mashambani, kuna sentensi moja inayokatwa katikati karibu kila mara. "Udongo kwa udongo, majivu kwa majivu, mavumbi kwa mavumbi," na mchungaji anamwaga gao la udongo. Ukisikika juu ya mbao za jeneza, vijana wanachukua hiyo kuwa ishara. Masepetu yanaanza, kina mama wanapaza sauti, na nusu ya pili ya sentensi haisikiki kabisa: kwa tumaini la hakika la ufufuo kwa uzima wa milele. Familia inabaki na mavumbi peke yake. Dawa yake ni nyepesi. Kabla ya ibada, zungumza na vijana wa masepetu, waombe wasubiri hadi waisikie amina. Sema nusu ya pili kwa sauti kubwa kuliko ya kwanza, ukiwatazama wafiwa na si kaburi. Amina ikijibiwa, waruhusu wafukie.