Wakili wa Metz na Makaa ya Ruhr

Nikimfikiria Robert Schuman, waziri wa mambo ya nje wa Ufaransa aliyependekeza makaa na chuma vya Ufaransa na Ujerumani viwekwe chini ya mamlaka moja, sianzii Mei 1950, alipotoa pendekezo hilo. Naanzia Metz, alikofungua ofisi ya uwakili mwaka 1912, mji ukiwa bado wa Ujerumani. Vita vya Kwanza vilipokwisha, Lorraine, eneo la Metz, ilirudi Ufaransa, na wateja wake wakajikuta na viwanja vile vile na mikataba ile ile chini ya sheria nyingine kabisa. Akiwa mbunge tangu 1919, alishughulika miaka kadhaa kuzipatanisha sheria hizo mbili. Sheria za Juni 1, 1924 zilileta sheria ya madai na ya biashara ya Ufaransa, lakini daftari la ardhi la Kijerumani likabaki, na bima za wafanyakazi pia. Naamini huko ndiko alikoivia.

Tangazo lake la Mei 9, 1950, ambalo Jean Monnet, mkuu wa mipango ya uchumi wa Ufaransa, na wenzake waliliandaa, wengi hulisoma kama wito wa amani. Ni kweli, ila mimi naona humo kazi ya mwanasheria. Lorraine ilikuwa na mawe ya chuma, Ruhr, eneo la migodi la Ujerumani, ilikuwa na makaa ya kuyayeyushia. Mamlaka ya kimataifa iliyoundwa mwaka 1949 kuisimamia Ruhr iliibana Ujerumani peke yake, na anayebanwa peke yake hutafuta mwanya tangu siku ya kwanza. Schuman akakubali Ufaransa nayo iingie chini ya mamlaka moja mpya pamoja na Ujerumani.

Mkataba wa kuunda Jumuiya ya Ulaya ya Makaa ya Mawe na Chuma ulitiwa saini Paris, Aprili 18, 1951, na nchi 6, kwa muda wa miaka 50. Ulikuwa na Mamlaka Kuu ya wajumbe 9, na mahakama ambako hata kampuni iliweza kuyapinga maamuzi ya Mamlaka hiyo. Kinachonivutia zaidi ni tozo: viwanda na migodi ilitozwa moja kwa moja, kwa kawaida isizidi asilimia 1 ya thamani ya uzalishaji. Mamlaka haikulazimika kumsubiri waziri wa fedha wa nchi yoyote, wala kunyamazishwa kwa kucheleweshewa mchango.

Udhaifu ulikuwa pale Mamlaka Kuu ilipohitaji idhini ya mawaziri wa nchi wanachama. Kuanzia 1958 makaa yalirundikana migodini, hasa Ubelgiji, kwa kuwa mafuta, na pia makaa kutoka Marekani, yalikuwa ya bei nafuu. Mwaka 1959 Mamlaka Kuu ikataka kutangaza hali ya mgogoro ili uchimbaji uwekewe mgawo. Baraza la Mawaziri wa nchi hizo 6 likakataa.