Venye nilikaa matanga ya Kiyahudi bila kusema pole

Kazi yangu ni kutunza wazee hapa Baltimore, Marekani, na kwa miaka mitatu nilimtunza nyanya mmoja wa Kiyahudi. Alifariki Jumatatu usiku, Jumatano mchana tukamzika. Mimi ni wa Kakamega, kwetu mwili unakaa mochari hata wiki mbili watu wakichanga, so niliona kama wanamharakisha. Binti yake akaniambia hapana mama, hiyo ndiyo heshima, maiti haiwekwi ikangoja, na usiku wote kulikuwa na mtu ameketi kando yake akisoma zaburi asiachwe peke yake. Hapo moyo ukatulia.

Sanduku lilikuwa la mbao tupu, na ndani amevaa sanda nyeupe ya kitani, hiyo hiyo kwa tajiri na maskini. Kufukia ni wenyewe. Wanaanza na mgongo wa sepetu, kuonyesha kwamba hii kazi hakuna anayeikimbilia, na ukimaliza unaichomeka kwa udongo, humpi mwenzako mkononi. Nilifukia mara tatu huku nalia.

Sasa shiva, zile siku saba za kukaa nyumbani, ndio ilinishinda mwanzoni. Nilitaka kupika kamande nipeleke, bahati nzuri nikauliza kwanza, kumbe sufuria yangu si kosha, yaani haifuati sheria zao za chakula, nikanunua kwa duka lao pamoja na mayai ya kuchemsha, kwa sababu chakula cha kwanza baada ya mazishi wafiwa hawajipikii, wanaletewa. Mlango haufungwi na hupigi hodi, unaingia tu. Vioo vimefunikwa, watoto wake wameketi kwa viti vifupi, nguo imechanwa upande wa moyo.

Halafu unanyamaza mpaka mfiwa aanze. Mimi nimezoea kuingia na poleni sana na wimbo na maombi, siku ya kwanza nilishika mkoba wangu kwa mikono miwili nikaangalia chini karibu saa nzima.

Siku ya pili binti yake ndio akaniuliza, niambie kitu cha mama ambacho sikijui. Nikamwambia venye kila Ijumaa alikuwa anapika supu ya kuku kwa mdomo, mimi nakata yeye anaamuru, na nikikosea karoti ananichapa mkono. Akacheka akalia. Kisha akasema, na mama yako? Nikashindwa kujibu haraka. Mama alifariki Mei 2020, ndege zimefungwa, nilimzika kwa simu na kesho yake nikaenda kazini, sijawahi kuketi hata siku moja.

Mei iliyofuata nilinunua ule mshumaa wao wa kumkumbuka marehemu, unaowaka saa 24, nikauwasha jua likizama mkesha wa siku aliyofariki, maana siku yao inaanza jioni. Sikuimba. Nikampigia kaka yangu Kakamega nikamwambia weka jiwe moja kwa kaburi kwa niaba yangu, venye Wayahudi hufanya, halafu niambie kitu cha mama ambacho sikijui.

Akanyamaza kidogo. Akasema kile kitenge nilichotuma, mama alikuwa anakifua mwenyewe usiku, hataki mtu akiguse, na asubuhi anakianika mbele ya nyumba pale njiani ndio kila mtu aulize kimetoka wapi.