Kitabu cha Hekima hakimo katika Biblia yangu

Siku tulipomzika baba mkwe, padri alisoma maneno yasemayo kwamba roho za wenye haki zimo mkononi mwa Mungu, wala mateso hayatazigusa. Yalinishika. Usiku nikafungua Biblia yangu kuyatafuta, Hekima sura ya 3. Nikamaliza Wimbo Ulio Bora, nikajikuta kwenye Isaya.

Mimi ni Mlutheri. Biblia yangu ina vitabu 66, ya mume wangu, Mkatoliki, 73. Jambo hilo nalijua tangu mafundisho ya kipaimara, lakini usiku ule ndipo liliponiuma. Waorthodoksi wa Ethiopia wao huhesabu 81, kitabu cha Henoko kikiwemo. Na Yuda, ambaye barua yake ninayo, anamnukuu Henoko huyohuyo katika aya ya 14!

Mume wangu akaniuliza kwa upole, “Hicho kitabu chako kilikufikiaje?” Orodha ya vitabu 27 vya Agano Jipya kama tunavyovijua tunaikuta katika waraka wa Pasaka wa Athanasio, askofu wa Aleksandria, mwaka 367. Kanisa lilikuwa likisali, likibatiza na kufa kwa ajili ya imani muda mrefu kabla ya hapo. Ndiyo maana kwake Maandiko na Mapokeo ni hazina moja. Mimi bado naamini Kanisa lilivitambua vitabu hivyo, halikuvipa uzito wake. Ila siku hizi nalisema hilo taratibu zaidi.

Kilichonishangaza ni kwamba kuhusu ufunuo mpya mimi na yeye hatuko mbali. Hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano ya mwaka 1965 inasema hatutazamii tena ufunuo mpya wa hadhara kabla ya Kristo kurudi kwa utukufu. Wamormoni hawakubali hivyo. Wanaye nabii aliye hai. Robert Barclay, wa wale Marafiki (Quakers), aliandika mwaka 1676 kwamba Maandiko ni kanuni ya pili, chini ya Roho aliyeyatoa. Hilo nimelitafakari sana, na siwezi kumfuata. Nani ataniambia kwamba sauti ninayoisikia ndani yangu si hofu yangu mwenyewe?

Nauliza kwa sababu ya mdogo wangu. Yeye ni Mpentekoste, na kanisa lake hufundisha kwamba unabii hupimwa kwa Neno. Lakini alipoambiwa, “Bwana amesema usiolewe na huyu,” hakuna aliyepima. Alivunja uchumba ndani ya wiki moja. Nililia kuliko yeye.

Juzi tuliketi na Biblia zetu mbili, Wathesalonike wa Kwanza sura ya 5. Yeye alikuwa amepigia mstari “Msimzimishe Roho.” Mimi, “jaribuni mambo yote.” Akasoma wangu kwa sauti, kisha akanyamaza. Nami nikasoma wake.

“Dada,” akasema, “wewe umewahi kumsikia?”

Nilimjibu ndiyo. Usiku ule wa mazishi, katika kitabu nisichokuwa nacho.